Kuzidiwa na joto kazini: kutambua dalili, kumpoza mgonjwa, na lini dripu inahitajika

Siku ya kumwaga zege hakuna anayepumzika. Mikseri ikishawashwa asubuhi, slabu lazima iishe kabla zege halijaanza kukaza, kwa hiyo ndoo zinapokezanwa mkono kwa mkono hadi alasiri, jua la Februari likiwa utosini. Ikifika saa nane hivi, kibarua mmoja anatoka kwenye mstari na kukaa juu ya tofali. Uso umempauka, jasho linamchuruzika, kichwa kinamgonga, tumbo linamchafuka. Wenzake hufanya moja kati ya mambo mawili: humpa maji ya baridi wakamwambia ajikaze, au humpakia kwenye bajaji hadi duka la dawa la karibu akatundikiwe dripu.

Njia zote mbili zinaruka hatua inayookoa maisha, nayo ni kumpoza pale pale alipo. Dripu ina kazi yake na nitaieleza kwa kirefu, lakini zamu yake inakuja baada ya maji ya kumwagia mwilini na maji ya kunywa. Mfano nitakaoufuata ni wa saiti ya ujenzi Dar es Salaam. Hatua ni zile zile kwa mkata miwa wa Kilombero, mama ntilie anayeshinda mbele ya moto, mpakia mizigo wa Mombasa, na kijana aliyekwenda kufanya kazi Oman.

Kinachotokea mwilini

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi. Misuli inayofanya kazi nzito inazalisha joto jingi, na mwili hulitoa kwa kusukuma damu kwenye ngozi na kutoa jasho. Kinachopoza ni jasho kukauka juu ya ngozi. Jasho linalodondoka chini bila kukauka limekupotezea maji na chumvi bure. Ndiyo maana fukuto la pwani wakati wa kaskazi linaumiza hata pale kipimo kinaposoma nyuzi 32 tu: hewa imeshajaa unyevu, jasho halina pa kwenda.

Mtu anayefanya kazi nzito juani anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, wakati mwingine zaidi. Maji na chumvi vikipungua, damu haitoshi tena kulisha misuli, ngozi na ubongo kwa pamoja. Moyo unaenda mbio, presha inashuka, mtu anaona kizunguzungu. Hapo amezidiwa na joto, na bado anaweza kurudi katika hali yake ndani ya saa chache. Akiachwa aendelee, joto la ndani linavuka nyuzi 40 na ubongo unaanza kuathirika. Hicho ni kiharusi cha joto. Kinaua, na anayepona anaweza kubaki na madhara kwenye figo, ini au ubongo.

Hatua ya kwanza: tambua yuko upande gani

Aliyezidiwa na joto huwa na jasho jingi, kiu, kichwa kuuma, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu au kutapika, na misuli kukaza, hasa ya miguu na tumbo. Mapigo ya moyo yanakwenda kasi na ni hafifu. Ngozi yake mara nyingi ni baridi na imelowa. Anaweza kuzirai kidogo anaposimama, kisha akazinduka akishalazwa.

Kinachotenganisha hali hiyo na kiharusi cha joto ni akili. Chuchumaa mbele yake umuulize: "Kaka, leo siku gani? Tuko mtaa gani? Fundi mkuu anaitwa nani?" Mwambie anyooshe mikono, kisha atembee hatua chache ukiwa umemshika. Akijibu vitu visivyoeleweka, akiwa mkali bila sababu, akiyumba kama mlevi, akiweweseka, akipata degedege au akipoteza fahamu, hesabu kuwa ni kiharusi cha joto na uanze kumpoza dakika hiyo hiyo. Usisubiri kipimajoto.

Nasisitiza jambo moja hapa kwa sababu linapotosha wengi. Watu wamefundishwa kwamba mwenye kiharusi cha joto ngozi yake lazima iwe kavu. Hiyo ni kweli zaidi kwa mzee au mtoto aliyefungiwa kwenye chumba cha bati. Kibarua aliyekuwa akibeba ndoo anaweza kuwa na kiharusi cha joto huku amelowa jasho chapachapa. Kipimajoto cha kwapani nacho kinaweza kudanganya, kwani husoma chini ya joto halisi la ndani. Kikionyesha 38 kwa mtu anayeongea ovyo, amini maneno yake ya ovyo kuliko kipimo.

Angalia pia nani yuko hatarini kuliko wenzake: mzee, mtoto mchanga, mjamzito, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, anayetumia vidonge vya presha vya kukojoza, aliyelewa jana usiku. Mwenye selimundu ni wa kuangaliwa kwa namna ya pekee, kwa kuwa upungufu wa maji unaweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa.

Na kwetu sisi lipo suala la malaria. Mwili wa moto, kichwa na kutapika vinafanana mno. Kama homa ilianza usiku akiwa amelala, au haishuki baada ya kupozwa na kupumzika, usiseme ni jua tu. Apimwe malaria, na kukiwa na mlipuko wa dengi, kama uliotokea Dar es Salaam mwaka 2019, apimwe na hiyo.

Hatua ya pili: mpoze hapo hapo

Kwa aliyezidiwa lakini ana akili timamu, mtoe juani. Mvue kofia ngumu, viatu vya mpira, fulana ya usalama na nguo zinazombana. Mlaze chali, inua miguu yake juu ya mfuko wa saruji au ndoo iliyogeuzwa. Lowesha kanga au shati kwa maji, mpanguse mwili mzima, na mtu mmoja ampepee mfululizo kwa kipande cha boksi. Upepo juu ya ngozi iliyolowa unafanya kile ambacho jasho lilishindwa kufanya. Ndani ya nusu saa anatakiwa aanze kuonekana nafuu.

Kwa kiharusi cha joto, kupangusa hakutoshi. Unahitaji maji mengi, na saiti ya zege ina maji mengi: pipa la kuchanganyia lipo, mpira upo. Mmoja apige simu kutafuta gari, wengine waanze hivi:

1. Mlaze kwenye turubai au nailoni. Watu wanne washike pembe na kuziinua kidogo ili pawe na bonde.
2. Mwaga maji hapo ndani hadi yafunike kiwiliwili na mapaja. Mmoja akae kichwani, akishikilia kichwa kiwe juu ya maji muda wote.
3. Tuma mtu akalete barafu. Zile za mifuko zinazouzwa majumbani zinafaa, za wauza samaki pia. Zitie kwenye maji hayo na myakoroge yazunguke mwili.
4. Kama turubai hakuna, mmwagie maji mfululizo kwa ndoo au mpira, mkimpepea, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena.

Lengo ni joto lishuke ndani ya dakika 30 za mwanzo. Wataalamu wa tiba ya wanariadha wana kanuni ya kupoza kwanza na kusafirisha baadaye, nami nakubaliana nayo kabisa, hasa katika mji ambao foleni inaweza kula saa nzima kabla hujafika hospitali. Akianza kujibu vizuri au kutetemeka kwa baridi, mtoe kwenye maji, mfute, mpeleke hospitali hata kama anasema amepona. Ndani ya gari madirisha yawe wazi na kanga mbichi ibaki mwilini.

Akiwa hana fahamu, mkishamtoa kwenye maji mlaze ubavu, na usimpe chochote mdomoni, hata kijiko cha maji. Kinaingia kwenye mapafu.

Panadoli haisaidii hapa. Inashusha homa ambayo ubongo wenyewe umeiamuru, kama ya malaria, lakini joto la jua halikuamriwa na ubongo. Mbaya zaidi ni sindano ya diklofenaki, ambayo watu huichoma kwa sababu tu mgonjwa analalamika maumivu ya misuli. Figo za mtu aliyekaukiwa maji ziko kwenye shida tayari, na dawa za kundi hilo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, zinaziongezea mzigo.

Hatua ya tatu: mnyweshe

Mtu mwenye akili timamu asiyetapika anatibiwa kwa mdomo. Utumbo wake unafyonza maji vizuri, na kinywaji bora tunacho tayari kwenye kila zahanati: ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Pakiti ya fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 20.5 na inachanganywa na lita 1 ya maji safi. Soma pakiti kwanza, maana zipo za nusu lita. Ukiichanganya nzito unaharibu kazi yake, ukiifanya nyepesi hivyo hivyo.

Bila pakiti, tengeneza mwenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu ya kijiko hicho hicho cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Onja. Ikizidi chumvi ya machozi, imwage uanze upya. Ndimu unaweza kukamulia kwa ladha.

Anywe kidogo kidogo, vikombe viwili vitatu katika nusu saa ya kwanza, kisha aendelee taratibu hadi afikishe lita 1 au 2 ndani ya saa chache. Akitapika, subiri dakika 10, rudi kwa kijiko.

Asinywe maji matupu kupita kiasi. Mtu aliyetoka jasho asubuhi nzima kisha akanywa lita nne za maji bila chumvi anaweza kuishusha chumvi ya damu hadi ubongo uvimbe, na dalili zake (kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege) zinafanana na zile zile za joto. Lita 1.4 hivi kwa saa ndio mwisho. Dafu ni zuri na watu wa pwani tunaliamini, ila lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa hiyo liende pamoja na chakula chenye chumvi. Pombe hapana. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini nyingi hapana.

Hatua ya nne: dripu, kwa anayeihitaji kweli

Peleka mgonjwa kituo cha afya atundikiwe dripu akiwa na mojawapo ya haya: anatapika kila anachokunywa, anazirai kila akiinuliwa, hajakojoa kwa saa 6 au zaidi, mkojo ni mweusi kama chai ya rangi, misuli inamkaza vibaya, au hajapata nafuu saa moja baada ya kupozwa na kunyweshwa. Kiharusi cha joto kinakwenda hospitali bila mjadala.

Duka la dawa si mahali pa kufanyia kazi hii. Kabla ya chupa kutundikwa, mgonjwa anatakiwa apimwe presha, mapigo, joto, sukari kwa tone la kidole, malaria, na inapowezekana figo na chumvi za damu. Bila vipimo hivyo, anayekuwekea dripu anabahatisha. Mtu mwenye sukari iliyoshuka anaweza kuonekana kama mwenye kiharusi cha joto, na akapoteza muda akimiminiwa maji ya chumvi.

Maji yenyewe ni ya aina chache. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 za chumvi kwa lita, na Ringer's lactate, maji yenye mchanganyiko wa chumvi kadhaa, ndiyo yanayobaki kwenye mishipa kwa kiasi cha kutosha kurudisha presha. Dekstrosi ya asilimia 5, ambayo wengi huiomba kwa jina la glukosi wakiamini inaleta nguvu, haifai kwa kazi hii: mwili ukishaitumia sukari yake, kinachobaki ni maji matupu, na tumeshaona maji matupu yanafanya nini. Chupa iliyotiwa vitamini B ikawa ya njano inapendeza machoni na inauzwa bei ya juu. Haina cha ziada inachomfanyia aliyezidiwa na joto.

Kwa mtu mzima ambaye moyo na figo ni nzima, kawaida huanza na mililita 500 hadi lita 1, kisha anapimwa upya kabla ya kuongezwa. Wengi hawahitaji zaidi ya lita 2. Akishaweza kunywa, anarudi kwenye ORS.

Ukiwa ndugu uliyekaa kando ya kitanda, una kazi. Angalia chupa: haijaisha muda, maji ni meupe yasiyo na chembe, haivuji. Hesabu matone. Seti nyingi hutoa matone 20 kwa mililita 1 (imeandikwa kwenye pakiti yake), kwa hiyo chupa ya mililita 500 ikipangwa iishe kwa saa 4, matone ni kama 42 kwa dakika. Kama wewe unahesabu 90 na muuguzi alisema saa nne, mwite. Usigeuze kile kigurudumu mwenyewe.

Tazama mkono palipoingia kanula, kile kijibomba kinachopitisha maji mshipani. Pakivimba na kuwa baridi, maji yanaingia kwenye nyama badala ya mshipa. Pakiwa pekundu, pa moto na panauma, mshipa umeumia na kuvimba. Mgonjwa akianza kutetemeka ghafla, kuwashwa mwili, kukohoa au kushindwa kupumua akiwa amelala, ita msaada mara moja. Kukohoa na kubanwa pumzi kunaweza kuwa maji yamezidi hadi yamefika kwenye mapafu, hatari iliyo kubwa kwa wazee, wenye moyo uliodhoofika na wajawazito wenye presha.

Kwa watoto tahadhari ni kubwa zaidi, na ushahidi ulitoka kwetu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifuatilia watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini, katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, zikiwemo Kilifi na Teule ya Muheza. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi: takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa kwa haraka. Wale walikuwa wagonjwa wa maambukizi, si wa jua. Lakini mama anayemlazimisha mhudumu amtundikie mwanawe mwenye homa dripu "apate nguvu haraka" anapaswa kuijua habari hii.

Na dripu haimpozi mtu. Piga hesabu: nusu lita ya maji yenye nyuzi 28 ikiingia kwenye mwili wa kilo 65 wenye nyuzi 41, inashusha joto kwa kama moja ya kumi ya digrii. Pipa la maji pale saiti lina nguvu kuliko chupa kumi. Nimesikia mara nyingi mno ya mgonjwa aliyefikishwa kituoni bado amevaa jaketi la kazi, ana chupa mkononi, na hakuna aliyemmwagia hata kopo moja la maji.

Hatua ya tano: kupona na kurudi kazini

Aliyezidiwa asirudi kazini siku hiyo, hata akisema yuko sawa saa kumi. Alale mahali penye hewa, apumzike saa 24 hadi 48, ale vyenye chumvi na maji: supu, uji, wali na mchuzi. Mkojo ukiwa wa rangi ya manjano hafifu na anakojoa kila baada ya saa chache, maji yamerudi. Anayetumia vidonge vya presha amuulize daktari kabla ya kuendelea navyo siku hizo.

Arudi hospitali haraka akiona mkojo unapungua au umekuwa wa kahawia, macho yana manjano, miguu inavimba, au kichwa kinamchanganya tena. Misuli iliyoumia kwa joto humwaga protini zake kwenye damu, zikaenda kuziba figo siku moja au mbili baada ya tukio, wakati kila mtu ameshasahau.

Aliyepata kiharusi cha joto anahitaji angalau wiki nzima bila kazi nzito, na ruhusa ya daktari kabla ya kurudi. Mwili wake utavumilia joto kwa shida kwa muda.

Kurudi kuwe kwa ngazi. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mzoefu aliyekuwa nje ya kazi aanze na nusu ya muda wake juani siku ya kwanza, asilimia 60 ya pili, 80 ya tatu, kisha kamili. Mgeni aanze na asilimia 20 tu, aongezewe 20 kila siku. Kijana aliyeshuka juzi kutoka Makete, kwenye baridi, ni mgeni wa joto hata kama ana nguvu kuliko wote saitini, kwani mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Ndivyo ilivyo kwa anayetua Muscat mwezi wa saba. Aliyeko huko ajue sheria inamlinda: Oman inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti, na Qatar tangu 2021 inakataza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, Juni mosi hadi katikati ya Septemba.

Kwetu, msimamizi wa zege anaweza kujipangia hayo bila kungoja sheria. Mikseri iwashwe saa kumi na mbili asubuhi. Vikosi viwe viwili vinavyopokezana kila nusu saa, kimoja kivulini, na kila mtu apate kikombe cha maji kila dakika 15 hadi 20, chumvi ikitoka kwenye chakula cha saa nne. Turubai liwe juu ya mstari wa ndoo. Pipa moja lisiguswe kwa kuchanganyia, lijae hadi kazi iishe. Na awepo mtu mmoja asiyebeba ndoo, anayezunguka akiwaita wenzake kwa majina na kuwasikiliza wanavyojibu.